Muthoki, Kweyu na Sauti Zilizofutwa

Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kujua kama Redio Jirani itakuwa hewani kesho hakumwuliza mkurugenzi. Alimwuliza Muthoki. Redio yenyewe ilikaa orofa ya juu ya jengo moja la Makadara, nyuma ya maduka ya vipuri vya magari, na Muthoki ndiye aliyezitunza seva zake tangu zilipopandishwa ngazi zikiwa bado ndani ya maboksi. Zilikuwa mbili, zote zikiendeshwa kwa mfumo wa Linux, naye akazibatiza majina ya mito: Athi na Tana. Athi ilibeba kila kilichorekodiwa, kuanzia vipindi na mahojiano hadi kwaya za Jumapili. Tana ilibeba nakala za Athi, ili moja ikifa, nyingine isalie na habari.

Kazi ya kunakili ilifanywa na skripti aliyoiandika Muthoki kwa mkono wake. Haikuwa na sura wala rangi. Mistari tu ya amri, imekaa ndani ya Athi, ikiamka yenyewe kila adhuhuri na kukimbia kwa mamlaka ya root, yule mtumiaji mkuu ambaye mashine haimnyimi chochote. Hakuna mwingine aliyeielewa. Muthoki hakuwahi kulitamka hilo, lakini lilimpendeza.

Binti wa karani wa mahakama, alianza kujua kompyuta kwenye saiba moja ya Kariobangi, akiwachapia watu barua za kuomba kazi. Sasa alikuwa mama wa Mwende, mke wa Ndolo dereva wa lori, mkaaji wa mtaa wa Fedha, na watangazaji wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Seva. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali.

Ndipo akaajiriwa Kweyu.

Kweyu alitoka benki, huko mjini, na alikuja na tabia ambazo Muthoki alizitafutia kasoro bila kuzipata. Alisalimia kila mtu kwa jina, hata mlinzi wa langoni. Alipanda ngazi akipiga mluzi. Siku ya kwanza alimjia Muthoki mezani pake akampa mkono.

"Nimesikia sifa zako, dada. Nimekuja kujifunza kwako."

"Karibu," alisema Muthoki, na moyoni akajiuliza, kama sifa hizo zipo, mbona mkurugenzi alitafuta mtu wa pili.

Mkurugenzi aliitwa Mulama, mtu mpole aliyesisimka upesi kwa kila kitu kipya. Haukupita muda mrefu Kweyu akamwonyesha programu mpya ya nakala za akiba. Hiyo ilikuwa na sura. Mtu aliifungua kwenye kioo cha kompyuta akaona vipindi vyote vimepangwa kwa tarehe, na kando ya kila siku alama ya kijani ikimaanisha kazi imekwisha salama. Mulama aliitazama kama mtu anayetazama picha ya mjukuu.

"Yaani kumbe hata mimi naweza kuona!" alisema. "Muthoki, umeona hii?"

"Nimeiona."

"Ile yako ya zamani ilikuwa nzuri," Kweyu aliingilia, kwa upole, "ila inakimbia kama root. Mtu akiiingilia, ameshika nyumba nzima. Hii mpya nimeiundia mtumiaji wake mdogo, nimemwita mlinzi. Anaweza kusoma tu, hawezi kuharibu."

Alikuwa anasema kweli, na ndicho kilichouma. Kama angekuwa mjinga, Muthoki angelala usingizi. Lakini Kweyu alijua kazi, na alijua bila kujivuna. Wivu wa Muthoki haukupata pa kushika, ukabaki kuzunguka kifuani mwake.

Ukaanza kula vitu vidogo. Batulo, mtangazaji wa asubuhi, ambaye kwa miaka alikunywa chai na Muthoki, sasa alipokwama alimwita Kweyu kwanza. Wachira, fundi wa sauti, alianza kupiga mluzi kama wa Kweyu. Jina la Mama Seva lilisikika mara chache zaidi, au labda lilisikika kama zamani na ni yeye aliyeanza kulihesabu. Jumapili moja Kweyu alikutana na Muthoki na mumewe wakitoka kanisani, na Ndolo, ambaye kwa kawaida hucheka kwa taabu, alicheka naye mpaka akashika gari la watu asianguke. Jioni hiyo Ndolo akasema, "Huyu jamaa wenu wa kazini ni mtu wa watu, Mama Mwende." Muthoki aliziosha sahani zilezile mara mbili.

Alipoambiwa aondoe skripti yake ya zamani, alisema ameiondoa. Hakuiondoa. Aliielekeza kwenye diski moja kuukuu iliyokaa chini ya meza yake, ikifunikwa na sweta, akaiacha iendelee kukimbia kila adhuhuri. Nafsi yake aliiambia kwamba ni tahadhari. Kwa kweli alitaka siku moja iwe na kazi.

Siku hiyo ilianza kunukia mapema kuliko alivyotarajia. Alikuwa na mazoea ya kusoma taarifa za mashine, mistari mirefu ambayo seva huandika kuhusu kila inachofanya, na asubuhi moja alifungua zile za programu ya Kweyu. Juu, alama ya kijani. Chini, katikati ya mistari ambayo hakuna mwingine angejisumbua kuisoma, mashine ilikuwa imeandika kwamba faili fulani imerukwa: ruhusa imekataliwa. Na nyingine. Na nyingine tena, ukurasa mzima.

Alielewa papo hapo, kwa sababu kosa hilo lilikuwa na mizizi mikononi mwake mwenyewe. Zamani, watangazaji wawili waligombana, mmoja akidai mwenzake amefungua mahojiano yake na kuyatumia. Kuwatuliza, Muthoki aliiamuru kompyuta ya studio iandike kila rekodi mpya kwa namna ambayo mwenye rekodi peke yake ndiye anayeweza kuisoma. Rekodi ikishahaririwa na kuwa kipindi, ilifunguliwa kwa wote. Skripti yake haikujali, maana root husoma chochote. Lakini yule mtumiaji mdogo wa Kweyu, mlinzi, aliwekwa katika kundi la studio, na kundi la studio halikuwa na ruhusa kwenye rekodi mbichi. Akifika kwenye faili hizo anakuta mlango umefungwa, anazipita, anamaliza zamu, na programu inawasha kijani.

Kweyu alikuwa ameijaribu programu yake vizuri. Alirudisha kipindi kizima mbele ya Mulama, kikacheza bila kukwama. Kilikuwa kipindi kilichokwisha kuhaririwa. Hapakuwa na njia ya yeye kujua kuhusu ile sheria ya zamani, isipokuwa aambiwe na mtu aliyeiweka.

Mtu huyo aliketi hatua chache kutoka kwake. Ingemchukua sentensi moja.

"Niaje, dada, mbona umekikodolea kioo macho hivyo? Kuna shida?" Kweyu aliuliza akipita na kikombe chake.

"Hakuna," alisema Muthoki, akafunga ukurasa.

Kuanzia siku hiyo alitembea na siri yake kama mtu aliyebeba kitu kitamu mfukoni. Kila Mulama alipomsifu Kweyu, Muthoki aliugusa mfuko huo. Alijichorea jinsi itakavyokuwa: wote wamesimama, Kweyu amekosa la kusema, na yeye anainama chini ya meza, anaondoa sweta. Hakumtakia mabaya mtu mwingine yeyote. Alitaka tu warudi kumtazama.

Wakati huo Batulo alikuwa akirekodi mfululizo wa mazungumzo na wazee wa kazi za mikono: washonaji viatu, wafua vyuma wa jua kali, wasuka viti. Aliwafuata huko huko waliko, Kariobangi na kwingineko, kisha akamimina rekodi zote kwenye Athi. Wa mwisho alikuwa Mzee Mutisya, mchongaji wa vinyago, aliyekuwa na uvimbe kooni na tarehe ya kupasuliwa. Batulo alifaulu kumrekodi kabla ya siku hiyo. Alirudi ofisini macho yakimng'aa.

"Muthoki, ungemsikia," alimwambia. "Anaongea na mti kama anaongea na mkewe. Na madaktari wamemwambia akitoka huko hataongea tena."

Muthoki alisikia. Alijua pia rekodi hiyo, mbichi kama ilivyo, itakaa kwenye Athi bila nakala Tana. Hata hivyo nakala yake ilikuwa kwenye diski chini ya meza, salama, ndivyo alivyodhani. Akanyamaza.

Ijumaa moja asubuhi, Athi ilipokaribia kujaa, Wachira aliketi kusafisha. Alikusudia kufuta folda ya matangazo yaliyopitwa na wakati. Akafuta iliyokuwa chini yake kwenye orodha. Kwenye Linux mtu haulizwi mara mbili, wala kufuta faili hakuhitaji ruhusa ya kuisoma. Ruhusa ya folda inatosha. Wazee wote wa Batulo wakaondoka mara moja, na kadi ya kinasa sauti ilikwisha kutumika kwa kazi nyingine.

Wachira alikuja akiwa amegeuka rangi. Kweyu hakumfokea.

"Tulia, ndugu. Hii ndiyo sababu tuna bekapu."

Walikusanyika nyuma ya kiti chake: Mulama, Batulo, Wachira, na Muthoki kwa nyuma kidogo, mikono kifuani. Kweyu akachagua siku ya jana, ya kijani. Folda ikarudi. Akaifungua. Majina ya wazee yalikuwepo, kila mmoja na folda yake ndogo, na ndani ya kila folda hapakuwa na kitu. Akajaribu juzi. Akajaribu wiki iliyopita. Alipofungua taarifa za mashine na kuona ule ukurasa mzima wa ruhusa zilizokataliwa, aliacha kubofya.

"Zilirukwa," alisema polepole. "Zote zilirukwa. Sikuona."

"Lakini ni kijani!" Mulama alilalamika, akionyesha kioo kwa kidole. "Wewe si ulisema kijani ni salama?"

Batulo alifunika uso kwa ncha ya mtandio wake.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na Muthoki hakuikosa. "Mimi ninazo," alisema. Wote waligeuka, jinsi alivyokuwa ameota. Aliinama, akaondoa sweta, akaiunganisha diski kuukuu na Athi, akaanza kurudisha. Majina yakapita kwenye kioo moja baada ya jingine. Batulo alimkumbatia kwa nyuma. "Mama Seva!" Wachira alipaza sauti, karibu kulia, na Mulama akasema mbele ya wote kwamba ya kale ni dhahabu. Muthoki alimtupia Kweyu jicho. Kweyu alikuwa akimtazama kwa shukrani tupu, na kwa sababu fulani hilo lilimwudhi.

Batulo akakimbilia studio kusikiliza. Akarudi. "Haifunguki. Inasema sina ruhusa."

Muthoki alirudi kwenye kioo akaona kosa lake. Katika haraka yake ya kushangiliwa, alikuwa amerudisha faili zote kama mali ya root, na root peke yake. Akaanza kuandika amri, akaifuta. Kweyu akasogea kando yake, akainama kama anayeokota kitu, akamwambia kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia, "Badilisha mmiliki wake, awe Batulo. Twende, nakusaidia." Akamtajia amri, taratibu, kama vile Muthoki ndiye aliyemfundisha. Sauti ya mfua vyuma wa Kariobangi ikajaa chumbani, na watu wakapiga makofi.

Muthoki hakuwa amefanyiwa wema mchungu hivyo maishani mwake. Kama Kweyu angemcheka, angejua la kufanya.

Kisha Batulo akauliza, "Ya Mzee Mutisya iko wapi?"

Walitafuta. Haikuwepo. Muthoki aliisoma taarifa ya skripti yake, ambayo kwa wiki hizo zote hakuwa ameitazama hata mara moja, maana macho yake yalikuwa kwenye taarifa za Kweyu. Diski ilikuwa imejaa. Ilijaa kabla ya Mzee Mutisya kurekodiwa, na kila adhuhuri skripti iliamka, ikakosa nafasi, ikaandika hivyo na kurudi kulala. Yeye pia alikuwa na ukurasa wake ambao hakuusoma.

"Amekwisha kupasuliwa," alisema Batulo. "Nilimtembelea juzi. Anaandika kwenye ubao."

Kweyu alisimama ghafla. "Hakuna mtu aandike chochote kwenye Athi. Wachira, zima studio. Muthoki, kilichofutwa bado kipo kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tumeshaandika hizi ulizorudisha, lakini huenda hazijaikanyaga rekodi ya mzee yote. Tuiondoe diski ya Athi, tuinakili nzima, tufanye kazi juu ya nakala."

Siku nzima ya Jumamosi, wawili hao waliketi peke yao katika ofisi ya Makadara, madirisha wazi, kelele za Jogoo Road zikiingia. Programu ya kuokoa faili ilikuwa ikipekua nakala ya diski na kutoa vipande vya sauti bila majina wala mpangilio. Kila kipande kilipaswa kusikilizwa. Kwaya. Tangazo la sabuni. Mtu anakohoa. Walivaa vipokea sauti, kila mmoja upande wake, na hawakuongea sana mpaka Muthoki alipoinua mkono.

"Huyu ni yeye," alisema. "Huyu ni Mkamba mwenzangu wa Machakos, nasikia anavyozikata herufi. Sikiliza." Sauti ya kukwaruza ilikuwa ikieleza jinsi mjakaranda unavyodanganya, laini ukiwa mbichi, na ukikauka unapasuka na kumwaibisha fundi mbele ya mteja. Ikakatika katikati ya neno.

Kweyu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Wewe ni kiboko, dada. Unajua, niliona skripti yako bado inakimbia. Niliiona tangu mwezi wangu wa kwanza hapa."

"Uliiona?"

"Nikasema, huyu mama ana roho nzuri. Ameona mgeni anaweza kukosea, akaweka akiba ya pili bila kumwaibisha. Ndiyo maana sikuigusa."

Muthoki alivua vipokea sauti. Angeweza kuyaacha maneno hayo yapite. Hakuna mtu duniani ambaye angejua, na angebaki na sifa ya roho nzuri juu ya sifa nyingine zote. Lakini sifa hiyo, ikitoka kwa mtu huyo, ilimlemea.

"Niliona zile ruhusa zilizokataliwa," alisema. "Zamani. Ile siku uliyoniuliza kama kuna shida. Nilijua sababu pia. Ni mimi niliyefunga zile rekodi, kabla hujaja. Nilinyamaza ili uanguke."

Kweyu naye alivua vipokea sauti vyake. Alitazama kioo, ambapo vipande vingine vilikuwa vikiendelea kutokea.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Ndiyo shida."

"Mimi nina mama mzee kule Butere anayeniambia kila siku nirudi benki," Kweyu alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Namwambia hapa kuna watu. Ungeniambia tu, Muthoki. Neno moja. Mzee wa watu angekuwa na sauti yake." Hakumwita dada. Akavaa vipokea sauti vyake, akaendelea kusikiliza, na mpaka jua lilipoinama hakusema tena ila mambo ya kazi: hiki siyo, hiki siyo, hiki weka.

Walipata chini ya nusu ya mazungumzo, na matundu ndani yake.

Jumatatu Muthoki alimwendea Mulama kwa hiari yake kabla hajaitwa, akamweleza yote. Mulama alikasirika kwa namna ya watu wapole, akampa onyo bila kupaza sauti, na akamfanya Kweyu kuwa mkuu wa mitambo. Muthoki alikuwa amelitarajia hilo, hata hivyo lilimuuma kama jambo jipya. Kweyu alibadilisha ile sheria ya zamani, kundi la studio likapewa ruhusa ya kusoma rekodi mbichi, na programu ikaambiwa iwashe nyekundu hata faili moja ikirukwa. Ikaamuliwa pia kwamba kila juma mmoja wao achague faili yoyote na kuirudisha, huku mwingine akitazama. Mwanzoni walifanya hivyo kama watu wawili waliogombea shamba. Baadaye Kweyu alianza tena kumwita dada, ingawa si kwa sauti ile ya kwanza.

Nyumbani Ndolo alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. "Lakini jamaa mwenyewe si alikupenda tu kama dada," alisema. Muthoki alitoka nje kuanua nguo.

Kipindi cha Mzee Mutisya kilipokuwa tayari, Batulo alimwalika aje akisikilize kabla hakijarushwa. Alikuja na mkewe, kitambaa kimefungwa shingoni, ubao mdogo kwapani. Aliketi studio, akafumba macho. Sauti yake ilipotoka kwenye spika mkewe alimshika goti. Palipokuwa na tundu, Batulo alikuwa ameweka mlio wa patasi ikigonga mti, na mzee kila alipousikia alitikisa kichwa kidogo, kama anayemsahihisha fundi mwenzake.

Kilipokwisha aliandika kwenye ubao wake: nani aliniokota? Mulama akamwelekeza kwa Kweyu. Kweyu akasema, "Tulikuwa wawili, Mzee," na kumwonyesha Muthoki mlangoni, lakini mzee alikuwa tayari ameushika mkono wa Kweyu kwa mikono yake yote miwili, mikavu na yenye makovu, na hakuuachia. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Mkewe alikuwa akimbariki Kweyu kwa Kikamba, lugha ambayo katika chumba hicho ni Muthoki peke yake aliyeielewa kando na wao.

Alisimama pale akiwatafsiria. Alizitafsiri baraka zote, moja baada ya nyingine, bila kupunguza hata moja, na kila moja ilimchoma ilipokuwa ikipita mdomoni mwake kwenda kwa Kweyu.